Mama Sosiali na Watoto Wasionuka Moshi

Sikumpenda. Naanza hapo kwa sababu siku hizi kila mtu shuleni kwetu anasema alimpenda, hata wale walioinua mkono ili aondoke. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wangu. Miaka sita tulifanya kazi katika uwanja mmoja, tukikwaruza viatu kwenye mawe yaleyale meusi ya volkeno na kunawa mikono kwenye tanki moja, na miaka yote hiyo nilimtilia shaka. Tulimwita Mama Sosiali kwa ajili ya kazi yake, na hapa nitamwita hivyohivyo. Amezaliwa wapi, ni wa nani, aliolewa na nani, nilijaribu kuchimba nisipate kitu, nalo hilo nikaliongeza kwenye mashaka yangu.

Naandika juu yake kwa sababu ya msichana mmoja wa darasa langu, Riziki, aliyepaswa kufanya mtihani wa mwisho wa darasa la sita, ule wa kumaliza shule ya msingi. Mama Sosiali alitaka aufanye. Mimi mwalimu wake nilitaka aufanye. Tulitaka kitu kimoja sisi wanawake wawili, na hapo katikati yetu mtoto akaukosa. Aliyemkosesha ni mimi.

Shule yetu iko upande wa magharibi wa mji, karibu na barabara ya Sake. Kwa muda mrefu nusu ya watoto wetu walitoka kwenye kambi za wakimbizi wa vita za Mugunga na Lac Vert, wamelala chini ya mashitingi, yale maturubai ya plastiki, wamekuja kusoma na usingizi machoni. Shirika moja likaleta wazo kwamba kila shule iwe na mtu wa kufuatilia watoto mmoja mmoja: nani hakula, nani hana sare, nani analala kwa nani. Kila mtoto alipaswa kuwa na fishi yake, karatasi yenye maswali ishirini hivi kuhusu kwao na maisha yake. Mama Sosiali ndiye aliyepewa kazi hiyo. Akapewa na chumba, kile kidogo tulichokuwa tunawekea chaki, na ufunguo wake akauvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Sasa fikiria. Hapa Goma wenye mji hubadilika, na kila wanapobadilika watu huchoma karatasi. Nimeona majirani wangu wakichoma kadi, barua, hata picha za harusi, kwa kuogopa jina fulani lisionekane. Halafu katika mji huohuo anakuja mwanamke asiyejulikana, anaandika majina ya watoto, baba zao wako wapi, walikimbia kutoka kijiji gani, anafungia yote chumbani na kutembea na ufunguo. Mimi ningekosaje kujiuliza anamwandikia nani? Kikulacho ki nguoni mwako. Isitoshe, kwa matamshi yake ilijulikana ni mtu wa milima ya Masisi na mimi kwetu ni Butembo, na ingawa sote ni Wakristo na Jumapili tunamwimbia Mungu mmoja, hapa watu huhesabiana kimyakimya. Nami nilihesabu.

Baba yangu alikuwa mchuuzi aliyesafirisha maharagwe hadi Kisangani, na alitufundisha kwamba mtu anayekupa kitu bila kutaja bei, bei bado anaitafuta. Mama Sosiali alitoa vitu kila siku. Katika kile chumba alikuwa na sanduku la bati lenye sabuni iliyokatwa vipande, kandambili, chupi mpya za watoto, sketi za buluu na vitambaa vya wasichana wakubwa. Nilimtazama anavyotoa, nikangoja siku atakayotaja bei.

Kilichonishtua kwanza ni pua yake. Asubuhi alisimama kwenye mlango wa uwanja akiwasalimia watoto, akimwinamia kila mtoto kidogo kama anayemtengenezea kola. Mwaka wa tatu ndipo nilipogundua kwamba hatengenezi kola yoyote, ananusa. Niliwaambia walimu wenzangu wakati wa mapumziko, wakacheka, mmoja akasema huenda ni mambo ya kwao. Nikamwendea mwenyewe.

"Mama, unanusa nini kwa batoto?"

"Moshi, mwalimu."

"Moshi wa nini?"

"Mwenye ananuka makala, kwao banapika. Mwenye ananuka kuni, iko kule kwa mashitingi, lakini banapika. Ule hanuke kitu, kwao moto haukuwaka."

Alisema hivyo kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni, akaendelea kuinamia watoto. Jioni nilipofika nyumbani nikajikuta nimeshika shati la mtoto wangu wa pili, nimeliweka puani. Lilinuka makaa. Nikapumua, halafu nikakasirika, maana nani alimwomba anifundishe kunusa watoto wangu?

Wale wasionuka moshi hakuwaambia kitu. Hakuwapanga mstari wala kuwaita majina mbele ya wenzao. Alipita darasani kwangu saa ya hesabu, akabisha, akasema, "Mwalimu, naomba mutoto mumoja akaonje uji, mama wa jikoni hajui kama sukari inatosha." Akamchukua mmoja, kesho mwingine. Wakaenda kuonja sukari, wakarudi baada ya nusu saa wamejifuta midomo. Kwangu mimi hayo yalikuwa kudharau somo la hesabu. Nikamwuliza direkta wetu, mkuu wa shule, mtu mpole asiyependa kelele, ni sukari gani inayoonjwa kila siku na bado haijulikani. Direkta akacheka, akasema niache.

Halafu kulikuwa na mashindano. Mama Sosiali alipenda mashindano kuliko mwalimu wa michezo. Mashindano ya kukimbia, ya kukunja daftari vizuri, ya kucha safi. Zawadi zilitoka kwenye sanduku la bati. Nakumbuka siku moja alikagua kucha za darasa zima, mtoto kwa mtoto, amevaa miwani yake iliyofungwa uzi upande mmoja, akamtangaza mshindi kijana ambaye kucha zake zingeweza kuotesha mihogo. Watoto wakabaki vinywa wazi. Mshindi akapewa kandambili, naye alikuwa amekuja peku. Nami niliona tu kwamba kijana yule ni wa Masisi.

"Unapendelea ba kwenu," nikamwambia.

"Bote ni ba kwetu," akajibu. "Wewe unataka kandambili?"

Alikuwa na ulimi huo. Kwa watoto alikuwa na sauti ya chini, akichuchumaa ili macho yao na yake yalingane, lakini kwa sisi walimu alikuwa pilipili. Wakati mmoja maji yalikatika mtaani kwetu, sabuni ikawa adimu, nikamwomba kipande kimoja tu. Akatazama sanduku lililojaa, akasema, "Hii iko na mwenyewe." Nikauliza mwenyewe ni nani. "Hajafika bado." Kwa jibu hilo nilinuna miaka miwili. Watu waliposema kwamba sabuni za shule zinaonekana sokoni Birere, sikuuliza nani ameziona. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Jambo jingine ni mabuti. Alivaa mabuti ya mpira ya wanaume, mvua iwe inanyesha au jua linawaka, akayavua tu kwenye mlango wa kanisa. Mtu anayevaa mabuti hata wakati wa kiangazi anaenda wapi? Baada ya masomo hakurudi nyumbani kama sisi. Alishika njia ya kambini, akapita katikati ya mashitingi na mitaro, akaingia kwa watu, akatoka, akaingia kwingine. Walimwona Mugunga, wakamwona Lac Vert, katika nyumba za watu ambao hawakuwa na mtoto shuleni kwetu. Alipoulizwa alisema alienda kusalimia. Mimi sijawahi kuona mtu mwenye salamu nyingi namna hiyo.

Na alidanganya, hilo lazima niliseme hata leo. Kwa watoto alihubiri ukweli, mwongo alivutwa sikio mpaka likawaka. Lakini yeye mwenyewe alidanganya bila kupepesa macho. Mgeni wa shirika alipokuja kukagua fishi, Mama Sosiali alimwambia mvua imezilowesha. Mgeni akaja tena, fishi zikawa zimeliwa na panya. Mara ya tatu akamhesabia kwa mdomo idadi ya watoto, wavulana wangapi na wasichana wangapi, bila jina hata moja, akampa sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye sahani na kumsindikiza hadi barabarani. Nilisimama kwenye dirisha nikajisemea kwamba mwenye kazi safi haogopi mkaguzi.

Nilipomwuliza kwa nini hamwulizi mtoto mambo yake mara moja tukayajua sote, alinipa neno ambalo nilidhani ni la kukwepa. "Mutoto ukimuuliza mara mbili, mwalimu, atakupa jibu yenye unataka." Na lingine alilirudia mara nyingi, hasa kwa direkta: "Siri ya mutoto haina likizo."

Riziki alikuja kwangu darasa la tano na nikapanda naye hadi la sita. Alikuwa na miaka kumi na minne, amepoteza miaka njiani kama wengi. Kwao ni Kalengera, kwenye barabara ya Rutshuru, lakini walikimbia na kuishi kambini Mugunga, yeye na mama yake. Kwa hesabu hakuwepo aliyemshinda. Aliandika namba ndogondogo zilizonyooka, ili daftari lisiishe haraka. Niliwahi kumwambia kwamba akifanya mtihani atapita na sekondari atapata, na alinitazama kwa uzito, kana kwamba nimempa kitu cha kubeba.

Kisha kambi zikabomolewa. Watu wakaambiwa warudi makwao, mashitingi yakakunjwa kwa siku chache, na darasa langu likapungua kila asubuhi. Riziki akabaki. Sikujua amebaki kwa nani. Nilimwuliza, akasema, "Kwa mama, mwalimu." Lakini rafiki yake mmoja alikuwa ameniambia kwamba mama yake Riziki alifariki majuma mengi kabla ya hapo, kwa homa, na akazikwa kimya.

Jumamosi moja nilienda Lac Vert kumtembelea mgonjwa. Nyuma ya nyumba moja ya mbao nikamwona Riziki, amebeba bidoni la maji mgongoni kwa kamba ya kichwani, amejifunga kitenge cha mtu mzima. Mlangoni alikaa mjane mmoja akichambua sombe, majani ya mihogo. Riziki aliponiona aliingia ndani haraka. Na nilipogeuka kwenye njia, nani anakuja na mabuti yake? Mama Sosiali, na mfuko mkononi.

Nikayaunganisha yote. Fishi zisizoonekana, nyumba za watu wasio na watoto shuleni, uongo, salamu zile nyingi. Nikasema leo nimeipata bei. Huyu mama anachukua wasichana wasio na mtu na kuwapeleka kwenye nyumba za watu wawe watumishi. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilitembea hadi kwangu bila kusikia miguu. Kama kuna mtu anataka kujua uhakika wa uongo unafananaje, ulifanana na furaha.

Nilipeleka habari kwa direkta na kwa komite ya wazazi. Wakamwita Ijumaa baada ya masomo, katika darasa langu, watu wazima tumekaa kwenye mabenchi ya watoto, magoti juu. Mama Sosiali hakukaa. Mwenyekiti wa komite akauliza.

"Mama, huyu mutoto Riziki anaishi kwa nani?"

"Anaishi pahali anaweza kusoma."

"Ni mutoto wako?"

"Ni mutoto wa shule."

"Mama yake iko wapi?"

"Hiyo siwezi sema."

"Huwezi ao hutaki?"

"Papa, siwezi."

Direkta akamwomba alete fishi ya Riziki. Mama Sosiali akaileta, akaifungua mbele yetu. Mahali pa kuandika mtoto anaishi na nani, alikuwa ameandika: mama. Nikasimama, nikasema mama huyo amekufa, na watoto wote wanajua. Mama Sosiali hakumtazama direkta wala mwenyekiti, alinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita hakukuwa na pilipili katika sauti yake.

"Mwalimu, ungojee majuma matatu. Ekzamé ipite. Kisha utasema yote, hata kwa redio."

"Kwa nini majuma matatu?"

Alinitazama kama mtu anayesubiri basi aone kama litasimama. Ningeweza kusema sawa. Majuma matatu ni nini? Nimengoja mshahara zaidi ya hapo. Lakini mtu aliyeomba muda bila kutaja sababu, kwangu alikuwa ameshakiri. Nikasema tupige kura. Nikainua mkono, wengine wakafuata. Mama Sosiali akavua kamba shingoni, akaweka ufunguo juu ya meza yangu na kutoka. Komite ikaamua pia jambo lililoonekana la haki kabisa: itafutwe familia ya mtoto, iambiwe aliko.

Familia ilikuja Jumatatu, mtu mmoja, mjomba. Alikuwa na kofia nzuri na fimbo ya mchungaji, mpole, anashukuru kila neno. Alisema walimtafuta mtoto tangu kambi zilipobomolewa, na kwamba mtu asiye na jina alikuwa amemficha. Alinishika mkono kwa mikono miwili. Akaniletea jibini ya Masisi, duara zima, limefungwa kwa jani la mgomba.

"Aksanti, mwalimu. Umeturudishia mutoto wetu."

Riziki alitoka darasani na daftari zake. Nilimwambia amwombe mjomba amrudishe siku ya mtihani. Alisema ndiyo mwalimu. Alikuwa anatazama jibini.

Tuliila nyumbani siku nne, na watoto wangu waliifurahia sana.

Siku ya mtihani niliweka jina lake kwenye orodha, nikasimama nje hadi mlango ukafungwa. Kiti chake kikabaki kitupu. Nikajiambia amechelewa, njia mbaya, mvua. Juma lililofuata nikaenda Lac Vert kwa yule mjane, nikiwa bado natafuta kosa la mtu mwingine. Alinikaribisha kwa kusimama mlangoni, hakunipa kigoda.

"Wewe njo mwalimu?"

"Ndiyo, mama."

"Ule mutoto alikuwa ananisaidia maji kama batoto yangu bote. Alikuwa analala na binti yangu, anasoma na kibatari. Mjomba alikamata ng'ombe za batu juu yake, ng'ombe za mahari. Ng'ombe zimefika tangu mama yake iko mgonjwa. Mama yake alimuomba Mama Sosiali amufiche mpaka ekzamé, juu akipata karatasi ya la sita, dada ya baba yake kule Bukavu atamukamata kwa sekondari. Njo maana kifo kilifichwa. Mjomba angejua mama hayuko, angekuja kesho yake."

Nikauliza kwa nini Mama Sosiali hakutuambia. Mjane akanitazama kama anayetazama mtu asiyejua kunawa.

"Angewaambia banani? Wewe?"

Nilirudi kwa miguu. Sitaki kupamba nilivyojisikia. Niliona aibu, na aibu ile ilikuwa na ladha ya jibini mdomoni, nikatapika kando ya barabara, watu wakadhani nina mimba.

Direkta alinipa ufunguo. Alisema mimi ndiye niliyeifahamu zaidi kazi ya Mama Sosiali, na sijui hadi leo kama alinitania. Nikafungua chumba. Fishi zote zilikuwapo, kavu, hakuna panya aliyezigusa. Nikazisoma moja moja siku nzima. Wanatoka wapi? Goma. Wanaishi na nani? Mama. Baba anafanya nini? Mkulima. Watoto wote, mamia yao, walikuwa wametoka Goma, wanaishi na mama, baba mkulima. Hakukuwa na kijiji hata kimoja kilichotajwa. Mtu yeyote ambaye angevunja mlango ule usiku au mchana angekuta watoto wanaofanana kabisa. Mambo ya kweli alikuwa anatembea nayo kichwani, na aliondoka nayo.

Nikajaribu. Nilichuchumaa, nikashusha sauti. Niliwauliza watoto mmoja mmoja kama wamekula, wamelala kwa nani, wana shida gani. Wote walinijibu kwa adabu, "Niko sawa, mwalimu." Nikiuliza mara ya pili walinipa jibu nililolitaka. Sanduku la bati likakaa limejaa miezi mitatu, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kitu.

Hata baada ya kujua yote hayo, msidhani moyo wangu ulisafika. Wakati mwingine, nikikunja zile sketi za buluu, nilijiuliza kama mjane alinieleza ukweli au walikuwa wamepanga maneno. Tabia ni kama ngozi. Mtu aliyezoea kutilia shaka hupewa ukweli mkononi na bado huugeuza aone upande wa chini.

Nilimwona tena mwaka uliofuata, Jumamosi asubuhi, katika soko la Mugunga. Alikuwa amekaa nyuma ya fungu la maharagwe na kopo la kupimia, mabuti miguuni. Amekonda kidogo. Nilitaka kupita upande wa pili, akaniita mwenyewe.

"Mwalimu. Maharagi iko nzuri, inaiva mbio."

Nikainama, nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno mwaka mzima, lakini yakatoka matatu tu. Akapima kopo la kwanza akamimina kwenye mfuko wangu. Akapima la pili. Alisema, "Bilisha pita," na uso wake haukunionyesha kama vimepita kweli. Kisha akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti.

"Darasa yako ya la sita iko na nafasi?"

"Iko."

"Niko na mutoto. Hana karatasi, na shule tatu zimemukataa juu ya hiyo. Shule ya ine ni yako, na sikupenda kukuomba. Lakini unafundisha vizuri, na ekzamé iko karibu."

"Mlete, mama."

"Utamukamata bila kuuliza anatoka wapi?"

"Bila kuuliza."

"Bila kuuliza analala kwa nani? Hata direkta asijue?"

"Nakuahidi."

Akaniangalia, kopo mkononi. Halafu uso wake ukalegea, nikaona kwamba ameamua kuniamini. Ilikuwa ni mara ya kwanza, na nilifurahi hadi nikasikia machozi.

"Sawa. Atakuja siku ya kwanza ya juma, asubui, na daftari zake."

Ilinipasa niseme aksanti na kuondoka. Mfuko ulikuwa tayari mkononi. Nilikuwa nimeshageuka nusu. Nikamgeukia tena, nikauliza.

"Ni Riziki?"

Hakukasirika. Alichota konzi moja ya maharagwe, akaniongezea kwenye mfuko kama muuzaji yeyote anavyomwongezea mteja, akakung'uta mikono.

"Enda salama, mwalimu," akasema. "Usalimie batoto."

Jumatatu nilifika kabla ya mlinzi. Nilipangusa benchi la mbele, nikawasogeza wawili ili ipatikane nafasi ya mtoto mmoja, nikasimama kwenye mlango wa uwanja tangu kengele ya kwanza. Jumanne pia, na juma lote. Nilirudi Mugunga mara mbili, nikakuta mahali pake pameketi mwanamke mwingine anayeuza vitunguu.

Mtihani ukafanyika, darasa langu likapita vizuri. Sijui yule mtoto alikuwa Riziki au mwingine, na sijui kama alipata shule ya tano. Alihitaji nafasi ya darasa la sita tu, na niliweza kumpa. Hakuja.